Na Dumu Langu Juu ya Bata

Miaka ya shida ilinifunza, mimi mwalimu mzima, nikiona foleni nijipange kwanza, niulize baadaye. Siku hizi mafuta ya kula yamejaa madukani, lakini miguu yangu haina habari. Juzi pale Chumbageni nilijipanga na dumu langu hadi mlangoni. Kumbe kampuni ya ng'ambo imefungua bustani ya midoli mikubwa ya kupandwa na watoto!

“Mtoto wako yuko wapi, mama?” akauliza mkata tiketi.

Nyuma yangu Bi Shirini, jirani yangu mwenye duka, akanisogezea mjukuu wake. “Huyu hapa. Panda naye, mwalimu.”

Mungu amjaalie kheri, alinisitiri. Bata wa plastiki akatuzungusha mpaka kwenye uzio, na pale limesimama darasa langu zima.

“Shikamoo, mwalimu!”

“Marahaba,” nikaitika, nimekumbatia dumu.