Miguu ya Mwalimu

Upepo ukivuma kutoka ubavuni, Dineo, fundi wa ndege pale kiwanjani, haitazami ndege inayotua. Hutazama miguu ya mwalimu wa urubani chini ya meza ya baraza. Mama huyo mwenye mvi hunywa chai yake ya rooibos na kupiga soga, mikono imetulia kabisa, lakini viatu vyake vya turubai vinakanyaga sakafu, kulia, kushoto, kulia, kana kwamba pedali za kuongozea mkia wa ndege ile ziko hapo chini. Havitulii mpaka propela isimame.

Jumamosi moja Gerrit aliishusha ndege kuukuu ya marehemu babake, yenye kigurudumu mkiani, taratibu kama anayeweka yai kwenye nyasi. Watu wakapiga makofi, naye akatoa mkono dirishani kuwapungia. Dineo akaona viatu vikikanyaga kwa nguvu, kisha vikaacha ghafla. Mwalimu alikuwa ameshanyakua mtungi wa kuzimia moto na kutimua mbio, ndipo upepo ukausukuma mkia, ndege ikazunguka kama pia na bawa likalima nyasi. Moto haukuwaka. Gerrit akatoka.

"Mwalimu, lakini si nilitua vizuri?"

"Wewe ulitua, mwanangu," akasema, akimpangusa vumbi begani. "Ndege ilikuwa bado."