Mwaka wa pili chuo nilijitolea chumba cha ushauri Maji ya Chai, nikaandika "mteja ana maendeleo mazuri"

Wakuu, heshima kwenu wote. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Wiki iliyopita kijana mmoja humu aliuliza swali zuri. Anasoma saikolojia mwaka wa pili, anataka apate uzoefu wa ushauri kabla hajamaliza degree, aanzie wapi?

Mkamrarua. Mmoja akamwambia amalize shule kwanza, wenye matatizo ya akili hawatakwisha duniani.

Nilicheka, halafu nikakasirika, maana na mimi niliambiwa karibu hayo hayo. Basi naleta ya kwangu. Chumvi sijaweka, ila majina na vitu viwili vitatu nimebadilisha ili watu wasitambulike. Ni ndefu, mwenye haraka anisamehe.

Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji. Viwanda vinauzwa, watu wanapunguzwa. Arusha mjini ulikuwa unaenda sokoni unamkuta mtu mzima, jana fundi mkuu kiwandani, leo amepanga mitumba chini, na ukimsalimia anajifanya hajakuona.

Mimi nilikuwa nasomea ualimu, saikolojia ndiyo somo langu. Nadharia zote nilikuwa nazo kichwani, hata kwenye harusi za ndugu nilikuwa nachambua watu. Mteja hata mmoja sijawahi kumwona.

Likizo ndefu ikaja, nikarudi nyumbani, nikaandika barua kwa mkono na kuzizungusha maofisini. Huku naambiwa hatuchukui ambao hawajamaliza, kule naulizwa kama najua kutaipu.

Baba yangu, Mchaga wa spea za magari, ndiyo kabisa. Aliniuliza hiyo kazi ya kusikiliza matatizo ya watu ina tofauti gani na anayoifanya mama yako kila siku jikoni bila mshahara.

Mwishowe nikapokelewa kwenye zahanati moja ndogo ya kanisa, Maji ya Chai. Chumba cha ushauri kilikuwa chini ya Sista Aikande, nesi wa siku nyingi, mama wa makamo mwenye magoti mabovu na maneno machache.

Masharti yake yalikuwa mepesi kuyasema. Wiki tatu za kwanza nikae kwenye kona, nisitoe neno. Asubuhi nifagie, nipange mabenchi. Kila mteja akiondoka niandike kwenye kaunta buku nilichosikia, na yeye atasoma.

Na alisoma kweli, wakuu. Kila mstari, na kalamu nyekundu mkononi. Chuo sijawahi kusomwa namna ile.

Kitu kimoja mjue: watu walikuwa wanakiogopa kile chumba. Enzi hizo ukisikia ushauri nasaha, ujue ni habari ya ngoma tu, yaani UKIMWI. Ukionekana kwenye benchi letu, hadi jioni mtaa wote umeshakupa majibu yako. Kwa hiyo wateja wengi walikuwa wanapitia nyuma, upande wa jikoni, kama wamekuja kuomba maji ya kunywa.

Ndivyo alivyoingia Baba Neema.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja mjini, kikauzwa, akapunguzwa, akarudi kwenye kihamba chake, shamba la migomba la urithi, huku juu upande wa mlimani. Alikuja na tumbo. Daktari akapima kila kitu, hakuna kitu. Akamsukumia kwetu.

Sista akaniambia sasa nimeiva, huyu nimchukue mimi, wa taratibu huyu. Nilivimba kichwa, sitawaficha.

Siku ya kwanza hakusema kitu zaidi ya tumbo.

Siku ya pili nilisema mimi. Nilimpa somo zima la msongo wa mawazo, na hatua zake zote. Alinisikiliza kwa adabu kama mzazi anayemsikiliza mtoto akisoma shairi. Mwisho akasema asante mwalimu.

Siku ya tatu ndiyo alifunguka kidogo. Alisema bado anaamka saa ya shifti. Anaamka, anavaa, halafu anakaa kitandani na viatu mguuni kwa sababu hana pa kwenda. Alilia. Mwanaume wa umri ule, mbele ya binti wa kulingana na mwanawe wa kwanza. Niliumia sana, nikarudi nyumbani sikula.

Siku ya nne akaja mtu mwingine kabisa.

Amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, kaniletea mkungu mdogo wa ndizi. Anatabasamu. Akasema analala vizuri siku hizi. Akanieleza kwamba amekaa na wanawe akawagawia kihamba: cha juu kwa mkubwa, cha kwenye mfereji kwa anayemfuata, na kile chenye nyumba kwa mama yao na wale wadogo. Amepanda masale mapya, ile mimea ya kuwekea mipaka, wasije wakagombana.

Tena akaenda kwa kaka yake ambaye walikuwa hawasalimiani miaka mingi, akampelekea jani la sale. Wenyeji wa huku mnajua uzito wake. Kwa wageni: ukipelekewa jani la sale umeombwa msamaha, na kukataa ni kujitafutia laana.

Mimi nimekulia kwenye mila hizo hizo. Baba anayegawa shamba angali hai, ndugu wanaopatana kwa sale, kwetu hiyo ni baraka. Hata mchungaji angesimama kanisani akasifia.

Nikaandika kwenye kaunta buku, kwa mwandiko wangu mzuri: "Mteja ana maendeleo mazuri sana. Amepata amani." Jioni nikamsimulia baba, nikamwambia umeona, kazi inafanyika.

Asubuhi yake nafika, Sista ameshasoma. Chini ya sentensi yangu ameandika neno moja jekundu: "Uliuliza?"

Nikamuuliza, niulize nini?

Akavua miwani. Akaniuliza yule baba ana umri gani. Nikamwambia. Mtoto wa mwisho yuko darasa la ngapi? La tatu, nikasema.

Akasema, "Baba wa huku akigawa, anajibakizia kipande chake. Anakilima hadi anazeeka, ndipo kinamwangukia kitindamimba. Sasa huyu wako amegawa chote. Yeye mwenyewe amejiweka wapi?"

Nilirudia mgawo wote kichwani, cha juu, cha mfereji, chenye nyumba. Yeye hakuwepo popote. Na ile amani yote, usingizi, ndevu, msamaha, ikageuka sura pale pale nilipokuwa nimesimama.

Sista hakunikaripia. Alimkabidhi mtu funguo, akachukua mwavuli wa kutembelea, tukapanda mlima na yale magoti yake. Njiani aliniambia nitakayeuliza ni mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayefahamika kwa yule baba. Na niulize wazi, kwa neno lenyewe, nisizunguke.

Hapa nisimame kidogo. Chuo tulifundishwa kwamba kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo. Lilikuja kwenye mtihani, nikapata vema. Lakini huku kwetu kutamka kifo cha mtu mbele yake ni uchuro. Na ni mtu ninayempa shikamoo. Nilipanda ule mlima naomba tumkute hayupo, halafu naogopa tusije tukamkuta hayupo.

Tulimkuta. Alikuwa anapalilia masale mpakani. Mke wake akatupokea kwa furaha, akatushukuru, akasema mume wangu amepona. Sista akamwomba amwonyeshe ng'ombe aliyezaa, wakaelekea bandani. Tukabaki wawili kwenye migomba.

Nikasalimia. Nikaulizia tumbo. Nikasifia masale. Nilizunguka weee, mpaka mwenyewe nikajichoka.

Ndipo nikasema, "Baba, umegawa shamba lote. Kipande chako kiko wapi?"

Aliendelea kupalilia.

Nikasema, "Baba, unafikiria kujiua?"

Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Jembe likasimama. Nilikuwa na maneno mia ya kumwongezea, nikayameza yote.

Akasema, "Nilikuwa nasubiri Jumapili. Neema anapata kipaimara. Nilitaka nimwone na nguo yake nyeupe kwanza."

Sikuwa na nadharia yoyote. Nilimwambia asante kwa kuniambia baba, na kwamba siondoki hapo. Nikamwambia pia ukweli, kwamba hili siwezi kulifanya siri, Sista lazima ajue, na watu wake lazima wajue. Akafikiri. Akasema mwite kaka kwanza, Mama Neema nitamwambia mwenyewe.

Yule kaka alikuja na gamba la udongo miguuni, moja kwa moja kutoka shambani. Hakuuliza maswali mengi. Alilala pale pale kwa mdogo wake, na siku zilizofuata hakumwacha peke yake hata dakika. Kesho yake Sista aliwapeleka wote wawili mjini kwa daktari wa magonjwa ya akili, Baba Neema akaanza dawa.

Jumapili nilikwenda kanisani. Baba Neema alikaa katikati ya kaka yake na mkewe. Neema alipopita na nguo nyeupe, yule baba akainamisha kichwa na mabega yakatikisika, mkewe akamshika mkono mbele ya watu wote. Mimi nililia bila aibu, na mimi si ndugu yao.

Haikuwa rahisi baadaye, msije mkadhani. Alipanda na kushuka karibu mwaka mzima. Likizo iliyofuata nilimkuta bado anakuja zahanati, ila safari hii anapitia mlango wa mbele.

Yupo hai. Ni babu sasa, na ana karakana ndogo ya kutengeneza pampu. Wiki hii nilimpigia kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Alikubali, akasema tu nisimpambe. Nikaona nimuulize nililokuwa naliogopa miaka yote, kwamba siku ile nilipomtamkia lile neno nilimkosea heshima?

Akaniambia, "Mwanangu, lile neno nilikuwa nalala nalo peke yangu. Ulipolisema, nikaona kumbe ni neno la kusemeka."

Kwa hiyo kijana uliyeuliza: nenda sasa hivi, usisubiri joho. Nenda ukafagie, ukae kwenye kona. Lakini chagua pa kwenda kwa kuangalia jambo moja tu, kama yupo mtu atakayesoma unachoandika. Mimi peke yangu, na maksi zangu zote, ningempeleka yule baba kaburini nikiwa najipongeza. Hilo sijalisahau na sitaki nilisahau.

Wataalamu wa humu mnirekebishe nilipokosea, na wenye visa vyenu vya field mvilete, natamani kuvisoma.

Ila kama wakati unasoma kuna mtu amekujia kichwani, yule aliyetulia ghafla, anayegawa vitu vyake na kuaga bila kusema anaaga, usicomment kwanza. Mpigie, umuulize kwa neno lenyewe. Uzi hautakimbia.