Toleo la Siku Tuliyoachana

Ipo siku moja, mwanangu, hainitoki kichwani. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nimekaa na rafiki yangu Shija katika chumba chetu cha kupanga pale Kalangalala, mjini Geita, kompyuta mbili juu ya meza moja inayoyumba, na tunacheka. Tulichokichekea nimekisahau. Kicheko chake ndicho sijakisahau, kile cha kuanzia tumboni na kuishia kwenye kikohozi. Ningeambiwa leo niombe kitu kimoja tu cha ujana nirudishiwe, nisingeomba magoti wala meno. Ningeomba kile kicheko.

Usinitazame hivyo. Najua mnaniita bibi nikiwapa mgongo, na sitini sijafika. Haya, kwenye kazi hii ya kuandika programu mtu wa hamsini ni bibi, nimekubali. Basi msikilize bibi yako, maana jana nilikusikia ukimfokea mwenzako kwa sababu ya faili moja, nikajisikia mimi mwenyewe nafoka.

Mimi na Shija tulikuwa tunaandika programu ya kuwasaidia wachimbaji wadogo. Maji yakipanda ndani ya duara, lile shimo wanaloshukia, king'ora kilie ili watu watoke. Mtandao siku hizo ulikuwa wa kubahatisha. Shija akienda kwao Ushetu kumsaidia mama yake kwenye tumbaku, kila mmoja alifanya kazi kwenye nakala yake, kisha tukatumiana viraka. Unavijua: kijifaili kinachosema futa mstari huu, ongeza ule, pamoja na mistari michache ya jirani ili chombo kijue pa kubandika. Chombo cha kutunza matoleo na kuunganisha viraka tulikitengeneza wenyewe, na mimi nilikiringia kweli kweli. Kilikuwa chepesi, kilikuwa na haraka, na kilikuwa kijinga.

Siku nyingine niliziunganisha kazi zetu nikazipeleka machimboni. Maji yakapanda, king'ora kimya. Aliyewaokoa watu ni mwenzao mmoja aliyehisi miguu inalowa akapiga kelele. Walitoka wote, Mungu ni mwema, na matusi waliyonipa siwezi kuyarudia mbele yako.

Nilipotafuta kosa nikalikuta. Mstari mmoja wa kunyamazisha king'ora, tuliouweka wakati wa majaribio, ulikuwa bado upo. Shija aliahidi kuufuta. Weee! Sikupiga hata simu. Nilipanda basi la alfajiri mpaka Kahama, nikachukua bodaboda hadi Ushetu, nikamkuta anafunga majani ya tumbaku na mama yake. Nikaanza kufoka hata viatu sijavua.

Mama Shija hakupandisha sauti. "Kabula, huko Geita siku hizi watu hawaamkiani?"

Aibu ikanipigisha goti. "Shikamoo, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma chao.

"Marahaba. Za tangu tulipoachana?"

Nikajibu nzuri. Akakataa. "Nzuri ni jibu la mpita njia. Tulipoachana ulikuwa unakohoa, na kaka yako alikuwa anataka kuoa. Anzia hapo."

Ikabidi nianzie hapo, kikohozi na harusi vyote. Ndivyo alivyokuwa mama yule. Mgeni haleti neno lake mpaka njia yote tangu mlipoagana imepitiwa, na wewe uwe na haraka yako, shauri lako. Tulipomaliza ndipo akatugeukia wote wawili. "Sasa na huo ugomvi. Mara ya mwisho mlipokuwa kitu kimoja, mlikuwa mmefikia wapi?"

Shija akafungua kompyuta yake. Kweli, mstari aliufuta. Kwenye nakala yangu ulikuwepo kwa sababu mimi sikuugusa. Chombo changu kililinganisha nakala hizo mbili tu, kikaona huku upo, kule haupo, kikadhani mimi nimeuongeza, kikaurudisha. Shija akacheka hadi akakohoa.

"Kabula, chombo chetu hakina adabu! Kinaingia na maneno bila kuuliza za tangu tulipoachana."

Akanieleza. Mstari uko kwako, kwangu haupo. Nani ajuaye kama wewe umeongeza au mimi nimefuta? Lazima kitazamwe cha tatu, lile toleo tulilokuwa nalo wote siku tuliyoachana. Kutoka pale ndipo utajua nani kagusa nini.

Ilikuwa kweli tupu, na neno lililotakiwa ni ahsante. Lakini nilikuwa nimesafiri kuja kulaumu, na lawama uliyoibeba kwenye basi safari nzima haitui kirahisi. Nikasema, tutaona.

Baadaye aliniletea kiraka alichokiandika mwenyewe, cha kukifundisha chombo adabu hiyo. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshabadilisha mambo mengi, mistari ya jirani haikufanana tena, chombo kikakikataa. Tungeweza kukaa asubuhi moja tukakipanga upya. Nikamwandikia tu: kimekataliwa. Sikumwambia kwamba nilifurahi. Nilijificha nyuma ya mashine, mwanangu. Kiburi si maungwana, lakini ujana hauambiliki. Akajibu, "Sawa, Kabula," akahamia Chato kufundisha. Tulianza kwa kutopigiana simu, tukaishia kwa kutokuwa na namba.

Miaka ikaenda. Mwishowe nilikiandika upya kile chombo, na wazo nililolifuata ni lake lile lile: kabla ya kuunganisha, kwanza kirudi kwenye toleo ambalo wote wawili walitokea. Kilipokamilika nikakitafuta kiraka chake cha zamani, maana sikuwahi kukifuta, nikakipeleka kwenye toleo lile lile lililokikataa. Kikaingia chote, bila ubishi wa hata mstari mmoja. Shija hakuwa amekosea popote. Mahali pake palikuwepo siku zote.

Nikapanda basi tena hadi kwao Ushetu, natafuta kumwona akicheka. Mama Shija alikuwa amezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini sauti yangu aliitambua. Nikapiga goti bila kukumbushwa.

"Marahaba, Kabula. Za tangu tulipoachana?"

Safari hii nilimweleza zote, hata za kiraka. Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaanza za kwake. Na katika za kwake, Shija aliugua, na masika yaliyopita walikuwa wamemzika pale nyuma ya bani la kukaushia tumbaku.

"Kila likizo alikuwa akija ananiuliza, Kabula hajafika? Namwambia atafika, yule mtoto ana hasira lakini si mbaya."

Namtaka Shija, mwanangu. Sina namna nyingine ya kulisema. Mpaka leo nikiunganisha kazi za watu wawili na zikapita salama, nageuza shingo nimwambie.

Kwa hiyo sikia. Kabla hujalazimisha kazi yako iifunike ya mwenzako, msiulizane nani mkosaji. Rudini mlipokuwa kitu kimoja, mtazame tangu pale kila mmoja kagusa nini. Mara nyingi mtakuta hamkukanyagana hata kidogo. Na mashine ikikataa kazi ya mtu, usiishie kumwambia imekataliwa. Inuka umfuate. Wagombanao ndio wapatanao, kweli, ila wawe hai wote wawili.

Mola akupe ulimi mpole na miguu miepesi ya kumwendea mtu. Akutunzie wa kucheka naye mpaka meno yenu yaishe. Nenda sasa, mwenzako yuko pale nje, nimemwona anajifanya anasoma simu. Ukifika usianze na faili. Muulize za tangu mlipoachana, hata kama mliachana jana.