Mguu wa Winchi Kwenye Kaburi la Baba

Baba alizikwa mbele ya nyumba, upande wa kulia ukiingia getini, kwa sababu mwenyewe ndivyo alivyotaka. Alikuwa fundi wa mashua Kibirizi, kando ya ziwa, na alipoanza kuumwa alimwambia mchungaji, akawaambia na majirani, ili sisi watoto tusije tukapanga vingine. Tukamzika pale, tukajengea saruji, tukapaka chokaa.

Wakati ule hakukuwa na njia ya gari. Kaka yangu ndiye aliyeitengeneza baadaye, alipopata pikapu ya kubebea dagaa. Kiwanja chetu kiko Rusimbi, kwenye mteremko, na masika yakianza pale getini palikuwa hapapitiki kwa tope. Kaka akachonga udongo, akamwaga kifusi, akapanga matofali ya pevingi kutoka getini hadi barazani. Njia ikapita karibu sana na kaburi. Mama alimwambia tu awe mwangalifu anaporudi kinyumenyume.

Kwenye kona ya nyumba, mpakani na jirani, palikuwa na mvule. Baba aliyepasua mivule ya watu maisha yake yote, huo wa kwake hakuugusa. Ulikuwa mnene kiasi kwamba mimi na kaka tulipokuwa wadogo tulishikana mikono kuuzunguka na tusifikie hata nusu. Chini yake, upande wa pili wa ukuta, alijenga jirani yetu. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, akakulia kambini, akaoa, akaja mjini kufyatua matofali. Nyumba yake aliijenga kwa matofali yake mwenyewe, chumba baada ya chumba.

Ilipofika ile miaka ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za watu kule chini, huku kwetu juu hatukuzama, lakini ardhi ililowa na haikukauka. Mvule ukaanza kuinama. Mwanzoni tulibishana kama kweli umeinama au ni macho yetu. Kisha uyoga ukaota kwenye shina, gome likaanza kubanduka, na hapo ubishi ukaisha. Kaka alisema atatafuta watu wa kuukata. Ikapita kiangazi, tukaingia masika mengine.

Siku tawi lilipoanguka mimi nilikuwa nyumbani, nakunja nguo. Ulikuja upepo kutoka ziwani, si mkubwa sana, nikasikia kama lori limemwaga mawe. Tawi lilikuwa limeangukia jiko la jirani. Mkewe alikuwa ndani anapika. Tulipoinua mabati tulimkuta amekaa chini, macho wazi, mkono wake wa kulia umegeuka pale begani kama si wake. Hakulia. Aliniuliza kama mtoto yuko salama. Mtoto alikuwa nje, anacheza.

Alirudi kutoka hospitali na mkono umefungwa, na kila aliyemtazama aliona kwamba hautarudi ulivyokuwa. Mumewe alikuja kwetu jioni ile. Alimwamkia mama, akakaa, akakataa chai.

"Mama, sikulaumu," alisema. "Upepo ni wa Mungu. Ila watoto wangu wanalala chini ya huo mti."

Mama alimwambia mti utatoka. Hakumuuliza kaka kwanza.

Wapasua mbao walikuja wawili. Mmoja aligonga shina kwa mgongo wa panga, akasogea, akagonga tena, akatega sikio. Alisema ndani kuna uwazi, hakuna atakayepanda kufunga kamba kwenye mti wa namna hiyo, na kuuangusha mzima haiwezekani, maana huku kuna nyumba yetu, kule kuna ya jirani, na nyuma kuna nguzo za umeme. Ilitakiwa winchi iushike juu kabla ya kukatwa, ishushe kipande kwa kipande. Kaka alizunguka mjini mpaka akapata iliyokuwa kwenye kazi ya barabara, na kibali cha kukata mvule akakifuatilia mwenyewe.

Mwendesha winchi alikuja kwanza kwa miguu, bila mashine. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kikohozi. Alimwamkia mama, akaomba ruhusa ya kutembea uwanjani. Akapima geti. Akauliza mashimo ya choo yako wapi, bomba la maji linapita wapi, chini ya pevingi kuna nini. Kaka alimjibu vizuri, maana aliijenga njia kwa mikono yake. Akatuambia winchi yenyewe tu, kabla haijainua kitu, ina uzito wa malori kadhaa yaliyojaa, na pevingi zitavunjika, tusihesabu kwamba zitabaki. Tukakubali.

Kisha akaeleza miguu. Winchi haifanyi kazi ikiwa imesimama kwa magurudumu. Hutoa miguu minne ya chuma pande zote, ikajiinua juu yake, ndipo inapoweza kunyanyua. Na mzigo ukishaning'inia, uzito haugawanyiki sawasawa. Unaelemea mguu ulio upande wa mzigo. Mvule ulikuwa kulia. Akatembea kutoka katikati ya njia kwenda kulia, hatua kwa hatua, akasimama. Alikuwa amesimama mbele ya kaburi la baba, vidole vya viatu vinagusa saruji.

"Mguu wa mbele unafika hapa," alisema, na sauti yake ikashuka.

Kaka akauliza kama mguu hauwezi kutolewa nusu. Akajibu kwamba unaweza, na wapo wanaofanya hivyo, lakini akiufupisha winchi inapoteza nguvu upande ule ule inapohitaji nguvu, na ikizidiwa inalala. Ikilala, inalalia kwa jirani. Kaka akauliza kuhusu kusimama nje barabarani. Mkono wa winchi usingefika, na nyaya za umeme zilikuwa zinakatiza. Kwingine kote ni mteremko. Kaka akafikiri, akasema basi tuweke mataruma ya reli juu ya kaburi, na bamba la chuma juu yake, uzito usambae. Baba alikuwa mtu wa kazi, akasema, angeelewa.

Mwendesha winchi alimtazama mama badala ya kumjibu. Alisema mataruma atayaleta kwa vyovyote vile, lakini chini ya saruji ile kuna jeneza, na jeneza likishaoza kinachobaki ni uwazi. Mguu ukiingia kwenye uwazi na mzigo uko hewani, hakuna cha kufanya tena. Aliyasema haya taratibu, na nilimwona anaona aibu.

Mama aliingia ndani, hakutoka siku nzima. Nilimpelekea ugali na samaki wa migebuka, nikakuta baadaye sahani bado imefunikwa. Sikujua anawaza nini. Kaka alikuwa amekaa barazani anavunjavunja kijiti.

Asubuhi mama alitoka amejifunga kitenge cha kanisani.

"Toeni," alisema.

Kaka alifikiri anasema mti. Mama akanyoosha mkono kwenye kaburi. "Mtoeni baba yenu, mkamzike kwingine. Nimemaliza."

Kaka alikataa. Alisema maneno mengi, mengine ya uchungu, kwamba baba aliomba kitu kimoja tu katika maisha yake, kwamba watu watatusema hadi Kasulu kwa wajomba. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Aliingia ndani kuvaa viatu, akaniambia twende kwa mchungaji.

Ruhusa ya kufukua ilipatikana, na bwana afya akaja siku yenyewe. Tulianza kulipopambazuka, tumezungushia turubai ili wapita njia wasione. Mchungaji alisali. Jirani alikuja na sururu yake bila kuitwa, akampa mama pole kwa lugha ya kwao, "Mwihangane," akaanza kuvunja saruji pamoja na wachimbaji.

Nilidhani nitaweza kutazama. Nilikwisha osha maiti za ndugu, mimi si mtu wa kuogopa. Lakini walipofika chini, sururu haikugonga mbao, iligonga mzizi. Mvule ulikuwa umeingia. Mizizi ilipasua jeneza kwa ubavuni, ikaota ndani, minene kwa myembamba, ikazunguka kila kitu. Mchimbaji mzee aliomba panga. Akawa anakata mizizi na kuitoa pamoja na kilichoshikwa nayo, na bwana afya anapokea kwenye shuka jeupe. Suti tuliyomzika nayo ilikuwa imebaki vipande vya rangi ya udongo. Kaka alitoka nje ya turubai, akaenda kusimama nyuma ya pikapu.

Mama alibaki. Ilipofika mahali mchimbaji akasimama na kujifuta uso, alimwambia mama ukweli, kwamba vidogovidogo vimeshikwa chini ya mzizi mkubwa, na ule haukatiki kwa panga.

"Viacheni," mama alisema. "Mkubwa ameshatoka."

Tulimzika tena siku hiyo hiyo kwenye makaburi ya mji, kwenye sanduku dogo lililofanana na la mtoto. Hakukuwa na waombolezaji. Tulikuwa sisi, mchungaji, na jirani na mkewe, mkono wake umening'inizwa shingoni kwa kitambaa.

Tulidhani sasa winchi itakuja. Mwendesha winchi alikuja, akatazama lile shimo tulilokwisha lifukia, akalikanyaga kwa kisigino, kikazama. Akasema udongo uliofukiwa juzi ni mbaya kuliko kaburi lenyewe. Ilibidi kuufukua tena, kujaza mawe, kushindilia kwa tabaka, kumwagia maji na kungoja. Kaka aliniangalia mimi kana kwamba mimi ndiye niliyeamua. Alibeba mawe kwa pikapu, akashindilia mwenyewe kwa nguzo nzito, anapiga hadi jasho linamwingia machoni. Hakutaka mtu amsaidie. Mvua ilinyesha, tukangoja. Jirani akampeleka mkewe na watoto Ilagala kwa ndugu, yeye akabaki kulinda nyumba, na kila upepo ulipovuma nilimwona anatoka nje kutazama juu.

Winchi ilipoingia getini, pevingi zilivunjika mfululizo chini ya magurudumu, kama mtu anatafuna mifupa. Wakatoa miguu. Mguu wa mbele kulia ukashuka juu ya mataruma, pale pale, ukabonyea kidogo, ukatulia. Mwendesha winchi alishuka, akainama, akautazama kwa muda, akapanda tena. Mkataji aliinuliwa kwenye kikapu cha chuma akiwa na chensoo, msumeno wa injini, akafunga mikanda, akaanza na matawi. Matawi yalikwenda vizuri. Mama alikuwa amekaa nyumba ya tatu kwa mwanamke wa kwaya, maana mwendesha winchi hakutaka mtu karibu, lakini mimi na kaka tulisimama getini.

Taabu ilikuja kwenye shina. Walikadiria kwamba lina uwazi, kwa hiyo litakuwa jepesi. Uwazi ulikuwa chini tu. Juu lilikuwa zima, limenyonya maji ya miaka. Kipande cha kwanza kilipoachana na mti, winchi ilitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye mashine. Nikaona mguu wa nyuma, upande wa kushoto, umeachana na bamba lake. Niliona mwanga chini yake. Na ule wa mbele kulia ukaanza kuzama, polepole, mataruma yanalia.

Kaka alinishika mkono. Jirani alikuwa amesimama barabarani anaitazama nyumba yake.

Mwendesha winchi hakujaribu kukizungusha kile kipande hadi mahali walipopanga. Alikirudisha chini pale pale karibu na shina, taratibu, kwenye ukuta wa mpaka, na ukuta ukavunjika wote. Mguu wa kushoto ukarudi chini. Akazima injini. Alibaki ndani ya kibanda chake kwa muda, mikono juu ya magoti, anakohoa. Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwa jirani akamwomba radhi kwa ajili ya ukuta. Kisha wakaukata mvule vipande vifupi, vifupi sana, mpaka jioni.

Nyumba ya jirani haikuguswa. Watu walisema tumshukuru Mungu, nasi tukashukuru. Lakini jirani hakukaa. Mkono wa mkewe haukuweza tena kusonga ugali wala kubeba ndoo, na jirani mwenyewe alisema pale uwanjani analiona lile tawi hata sasa ambapo mti haupo. Wakauza nyumba, wakaenda kulima Ilagala. Kaka alihamishia shughuli zake Kibirizi kabisa. Akija anaacha pikapu nje ya geti. Njia haikutengenezwa upya.

Mama nilimpeleka makaburini mara chache, maana alichoka haraka. Siku moja nilimuuliza kama anajuta.

"Baba yako alikuwa amekwisha kufa," alisema. "Yule mwanamke ana watoto wadogo." Akaongeza, "Ila usitegemee nitafurahi."

Alifariki masika yaliyofuata, kwa kifua. Tulikuwa tumepanga kumlaza karibu na baba, lakini ile safu ilikuwa imekwisha jaa, makaburi yamebanana hadi hakuna pa kukanyaga. Tukapewa nafasi upande wa chini, karibu na ukuta. Nikienda huwa nasimama kwanza kwa mmoja, kisha nashuka kwa mwingine.