Jumamosi Nilizompa Mwenzangu

Mama yangu huko Manga aliwaambia majirani kwamba nauza misumari mjini Kisii. Nilimwacha aseme hivyo. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kueleza: niliangalia programu ya hesabu kwenye kompyuta za duka la vifaa vya ujenzi, nikairekebisha ilipokosea, nikaibadilisha ifanane na biashara ya huku kwetu. Siku moja mama aliniuliza, kama programu ilinunuliwa, mbona kila wiki inashonwa upya? Nikamjibu kwamba ni kama nguo ya mtumba, inakuja na kipimo cha mtu mwingine. "Basi wewe ni fundi cherehani," akasema, na wiki hiyo yote kwa majirani nikawa nashona.

Sikusoma sana. Nilifika kidato cha pili, kisha nikaenda kuchapia watu barua kwenye saiba. Programu ile nilijifunza kwa kuiogopa. Fundi aliyeiuza alitoka Nairobi, akaiweka, akatuonyesha asubuhi moja, akaondoka. Mengine niliyagundua kwa kugusa kitu na kukirudisha haraka kabla hakijaharibika. Yuko mtu aliyeijua kwa njia ya shule, vizuri kuliko mimi, na habari hii ni yake pia, kwa hivyo nitajaribu kusema na upande wake. Nikishindwa, mjue nimejaribu.

Programu ilitaka jina la kwanza na jina la mwisho, basi. Kwetu hiyo haitoshi. Mtoto hupewa jina la babu, na babu naye alipewa la babu yake, na ukisimama njiani ukaita jina moja wanaume kadhaa watageuka. Kuna mabati ya mzee wa Nyacheki yaliyopelekwa kwa mzee mwingine kabisa, mlima mwingine, majina yao yaleyale mpaka la mwisho. Dereva aliporudi kuyachukua, alikuta paa limeshapigiliwa. Yule mzee akamwambia, "Niliomba, yakaja. Wewe ni nani umdai Mungu risiti?"

Baada ya hapo niliongeza nafasi mbili kwenye ukurasa wa mteja: Nyumba ya nani, na Mlima gani. Keshia asipozijaza, programu haimpi nafasi ya kuendelea.

Kazi iliyonisumbua zaidi ilikuwa ile ya mabati yenyewe. Watu wetu hawaezeki kwa mara moja. Mtu akiuza ndizi analipia bati moja, majani chai yakilipwa analipia mengine, na hayachukui. Yanamngoja dukani mpaka paa litimie. Bati likikaa nyumbani kabla ya nyumba huwa la kila mtu: shemeji analiomba la choo, jirani la kuku. Sasa programu iliona pesa zimeingia na mzigo haujatoka, ikawa inaandika kosa kwa rangi nyekundu. Nilitengeneza ukurasa, nikauita Paa, ambapo bati la mtu hukaa na jina lake, nyumba yake na mlima wake, likingoja wenzake. Nilikosea sana kabla haujakubali. Siku ulipokubali nilitoka nje nikanunua ndizi mbivu nikazila nikiwa nimesimama barabarani, kama mtu aliyeshinda kesi.

Shida yangu ilikuwa Jumamosi. Mwenye duka ni mama wa Kiislamu, mjane, aliyeachiwa duka na mumewe akalikuza. Ijumaa mchana hulifunga kwa swala, kwa hivyo Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Mafundi wamelipwa, wateja wamejaa, na jioni hesabu ya wiki inafungwa. Mimi ni Msabato. Jua la Ijumaa likitua nazima simu, na siiwashi mpaka la Jumamosi lizame. Na mashine, sijui huwa zinajua, zilikuwa zinangoja siku hiyo ndiyo zikwame.

Mwenzangu tulikutana saibani. Alikuwa amesomea kompyuta chuoni, ana cheti, ni Mkatoliki, na aliangalia programu kama ile katika duka la mbolea na dawa za mimea huko Sironga. Shida yake ilikuwa Jumapili. Duka lile huuza sana watu wakitoka kanisani, naye anaimba kwaya. Tukapatana. Yeye anishikie Jumamosi yangu, mimi nimshikie Jumapili yake.

Hatukuandika popote. Kwetu wanawake hulimiana kwa zamu, leo shamba langu, kesho lako, tunaita egesangio, na sijawahi kuona mtu akienda egesangio na mkataba. Ukimaliza kulima kwa mwenzako unapangusa jembe, unakunywa uji, unaenda nyumbani. Husemi shamba sasa ni lako kwa sababu umelilima. Nilidhani kompyuta ni shamba. Nikampa paswadi yangu, maana siku ya Sabato nisingeweza hata kuiandika mwenyewe.

Kisha mama mwenye duka akaanza kujenga tawi mjini Nyamira. Alisema programu hiyohiyo itawekwa huko, na mtu mmoja ataangalia maduka yote mawili kwa mshahara wa mwezi, si kwa kuitwa-itwa kama nilivyokuwa. Kutoka Manga, Nyamira si mbali. Ningelala kwetu. Ningemwangalia mama, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kuukataa mlima. Sikutaka kitu kingine mwaka ule, wala sikuficha. Nilimwambia mwenzangu kabla sijamwambia mama yangu mzazi. Akanishika mkono akasema, "Siku hiyo tutakula kuku."

Jumatatu moja niliingia dukani kama kawaida, nikasalimu, nikaketi, nikaandika paswadi. Ikakataa. Nikaandika tena polepole. Keshia, msichana ambaye kila siku hunitania kuhusu viatu vyangu, alikuwa anapanga kalamu kwenye mkebe, anazitoa, anazipanga tena.

"Labda nimesahau," nikamwambia.

"Hujasahau," akasema bila kuinua macho. "Enda juu kwa Mama."

Nikapanda. Mama mwenye duka alikuwa peke yake na birika.

"Salaam aleikum, Mama."

"Aleikum salaam, binti yangu. Kaa. Umekunywa chai?"

Nikajua hapo. Alikuwa hajawahi kuniuliza habari ya chai kwa sauti ile.

"Mwenzako alikuja na karatasi," akasema. "Ameandika kila kitu kilichobadilishwa kwa programu, na vile atakiweka Nyamira. Paa, nyumba, mlima, yote. Imepangwa vizuri. Nimempa kazi, ya hapa na ya kule."

"Ukurasa wa Paa nilitengeneza mimi, Mama."

Akanimiminia chai kabla ya kujibu. "Mimi najua vyuma, binti yangu. Mambo ya ndani ya kompyuta siyajui. Ninachojua, Jumamosi mtambo ukilala na watu wamejaa mpaka mlangoni, nikigeuka, aliyeko ni yeye. Wewe nikikupigia, simu imezimwa."

"Ilikuwa Sabato."

"Najua. Na sikukulaumu. Mimi pia nafunga Ijumaa, najua mtu na siku yake. Ndiyo maana nilimuuliza, hii kazi ya katikati ya wiki ni ya nani? Akasema, 'Ni yetu, lakini yule bado namfundisha.'"

Sikunywa ile chai. Nasikitika kwa hilo, maana aliimimina kwa heshima, na siku hiyohiyo alinilipa haki yangu yote bila kuombwa. Ni mama ambaye sijawahi kumsikia akiongeza neno. Nimeligeuza lile neno la mwenzangu kila upande nikitafuta kama lingeweza kuwa na maana nyingine. Namfundisha. Pengine alilisema haraka. Pengine alitaka kunisitiri, aonekane amenibeba. Kila nikilipa nafasi ya kuwa dogo, linakataa.

Wiki ile ilipita, ikafika Jumapili, nami nikaenda Sironga. Watu wameniuliza kwa nini nilienda. Jumamosi ya jana yake alikuwa amesimama dukani Kisii, sasa kwa jina lake mwenyewe, lakini ya wiki iliyotangulia alinishikia mimi, na katika hesabu yetu Jumapili moja ya nyuma nilikuwa bado sijamlipa. Nikafungua kompyuta ya duka la mbolea, nikaiangalia mpaka watu wakaanza kumiminika kutoka kanisani. Naye akaja, amevaa sare ya kwaya.

"Umekuja," akasema.

"Si ni Jumapili?"

"Sikudhani utakuja."

Kijana mbeba mbolea akatuangalia huku na huku, gunia begani. "Nyinyi wawili leo mbona mko kama mawifi?"

"Peleka hilo gunia," mwenzangu akamwambia, naye akaenda zake akicheka.

Akavuta stuli akaketi. "Usiniangalie hivyo. Mama alitaka karatasi. Ungempelekea nini?"

"Ungeniambia tu. Hata mimi naandika."

"Unaandika shajara, si ripoti."

"Ulimwambia unanifundisha."

Akawa anakunja ukingo wa sare yake. "Nilikufundisha kuweka nakala."

Hilo ni kweli, na sitalificha. Kabla yake nilikuwa naigusa programu kwa imani tu. Yeye ndiye aliyenionyesha kuweka nakala ya kila kitu pembeni kabla ya kubadilisha chochote, na bila hiyo nisingethubutu hata kuanza ule ukurasa.

"Na Paa?" nikauliza.

"Paa ni lako." Alisema kwa sauti ya chini, na alinitazama usoni aliposema, nampa hilo pia. "Lakini wewe unaingia Jumatatu unakuta kumetulia, unafikiri kulitulia kwenyewe. Mashine ya risiti ikikwama, anayetukanwa na mafundi ni mimi. Kuna mmoja alinirushia kofia. Wewe uko kanisani umekunja mikono."

"Na wewe sasa hivi umetoka wapi?"

Akaitazama sare yake. Tulikaribia kucheka. Nadhani kama tungecheka, yangeenda kwingine, lakini hakuna aliyeanza.

"Enda umwambie Mama vile umeniambia mimi," nikasema. "Kwamba ni langu. Kazi ubaki nayo."

"Nikimwambia sasa, nitakuwa mwongo."

"Na usipomwambia?"

Akasimama, akauchukua ufunguo wa duka kutoka mezani mbele yangu. "Jumapili ijayo usijisumbue. Nimepata mtu."

Ningeweza kurudi Kisii nikamweleza mama mwenye duka tena, kwa nguvu zaidi. Nilifika mpaka kituo cha gari. Nikajiuliza nitasema nini ambacho sijasema, na kama yeye ana karatasi nami nina sauti tu, nikaona nitakuwa mtu wa kelele. Pengine huo ulikuwa uoga na mimi nauita adabu. Mama yangu, nilipomweleza hatimaye, aliniuliza jambo moja. Je, shamba la mwenzangu nilililima vizuri? Nikasema ndiyo. "Basi usilime naye tena," akasema, akarudi kumenya ndizi.

Nilirudi saibani kuchapa barua. Mwaka ukaisha. Jiko la mama likaanza kuvuja, nami nikawa na pesa ya bati moja. Kuna maduka ya kutosha Nyamira yanayouza bati, lakini linalokuwekea bati moja mpaka upate la pili, bila kugombana nawe, ni moja tu, na nilijua kwa nini. Nilizunguka soko mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha nikaingia.

Keshia alikuwa mgeni kwangu, msichana wa watu, mpole. Nikamwambia nataka kuweka bati.

"Umewahi kuweka na sisi?"

"Hapana."

"Nyumba ya nani? Mlima gani?"

Aliuliza kwa mpangilio uleule niliouweka. Nikamtajia nyumba ya mama yangu, nikasema Manga, na namba ya simu nikatoa yake. Niliiangalia skrini pembeni ya bega lake. Nitasema ukweli: niliomba ikwame. Si sana, kidogo tu, izunguke, aseme "samahani, subiri." Ukurasa wa Paa ukafunguka mara moja, haraka kuliko zamani zangu, na chini yake kulikuwa na jambo ambalo mimi sikuliweka: mteja hutumiwa ujumbe kwa simu bati lake likishaandikwa. Ni jambo zuri. Sikuwahi kulifikiria.

"Usiogope," keshia akaniambia, akidhani nachungulia kwa wasiwasi. "Bati lako liko humu, haliendi kwa mtu mwingine. Hii kitu imetengenezwa vizuri."

"Nani aliitengeneza?"

"Kuna dada mmoja. Lakini leo huwezi kumpata, yeye huja Jumamosi."

Nikachukua risiti. Simu ya mama ilipata ujumbe kabla sijafika nyumbani, nikamkuta ameishika mbali na macho, anajaribu kusoma. Nikamsomea. Akauliza kama ni salama kuacha bati kwa watu, kwa jinsi walivyonitendea.

Nikabandika sufuria motoni. Nikamwambia kuhusu watu sijui, lakini ukurasa ule naujua, bati lake litakaa.