Binti wa Vitani Anayepakuliwa Peke Yake

Wengi hudhani kubagua ni lazima utukane. Nyumbani kwangu hakuna aliyetukana, na binti wa watu anafunga mizigo yake.

Mhariri, nifichie jina. Mimi ni mzee wa miaka sitini na mbili, mwalimu mstaafu, mkaazi wa Mji Mkongwe. Nimewapokea wasichana wawili wa Msumbiji, waliokimbia vita wakaja kusoma hapa Unguja. Atika ni mtu wa pwani, Muislamu, na lugha yake inakaribiana na yetu. Rosa ni Mmakonde, Mkristo, ana chale usoni. Vita walivyovikimbia ni vile vile.

Atika tunakula naye sinia moja. Mke wangu humpakulia Rosa mbali, kwenye sahani ya wageni. Niliona ni heshima, maana ndivyo tulivyolelewa: mgeni hutengewa. Lakini hutengewa siku mbili tatu, kisha huwa mwenyeji. Rosa yuko kwetu tangu mfungo uliopita.

Juzi alikaa kwenye mbuzi akune nazi. Mke wangu akamwondosha kwa upole: "Pumzika, mwanangu."

Rosa akanijia barazani.

"Shikamoo, Mwalimu. Nataka kurudi kambi ya wakimbizi, bara."

"Marahaba. Na masomo?"

"Atika anapika, anagombezwa, wali ukiungua anachekwa. Mimi hata kugombezwa sigombezwi. Nimechoka kuwa mgeni."

Nikamuuliza mke wangu.

"Nimemnyima nini, Mwalimu? Sahani nzuri kuliko zote anayo yeye!"

"Basi leo mwache apike."

Akasema: "Bi Salma wa jirani akijua kapika nani, bakuli nnalompelekea litarudi na mchuzi wake."

Nimemweleza kwamba dini haikatazi. Samaki na wali ni halali, apike yeyote aliye msafi. Ananiitikia "naam", na chakula kikiiva Rosa anapakuliwa mbali vile vile.

Situlii. Nnakwenda sokoni Darajani, nnarudi mikono mitupu kwa mawazo. Rosa akiondoka, nafasi yake ya shule atapewa mwengine, na kambini hakuna darasa la kumfaa. Nikimlazimisha mke wangu, chuki itamwangukia binti. Nikimpeleka nyumba nyengine, atakuwa amefukuzwa mara ya pili.

Nishaurini, wasomaji: nifanye nini kabla hajapanda meli? Na wewe uliyempokea mwanafunzi wa vitani, usisubiri majibu nitakayopewa mimi. Leo mwachie jiko apike, nanyi mle.