Viti Sitini Vilivyolala Cachot

"Mama, narudilia: kiti ikikamatwa inafuata procédure sawa na muntu!"

"Sévère, umesikia wapi kiti inakimbia justice?"

"Iko na miguu ine!"

Polisi wawili waliokaa na Sévère nyuma ya meza walicheka. Mimi sikucheka.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, nimesimama ndani ya sous-ciat, kituo kidogo cha polisi cha mtaa wetu hapa Uvira. Saa nane mchana wakwe walikuwa wanafika kutoka Luvungi kuleta dot, mahari ya binti yangu Amandine. Na viti vyangu vyote sitini vilikuwa mikononi mwa polisi.

Ndiyo. Viti. Vilikamatwa.

Mimi ni Mama Amandine. Nina watoto watano, diplôme ya maendeleo ya vijijini imetundikwa sebuleni, na subira sina. Katika association yetu ya akina mama, mimi ndiye mtunza viti. Tuko sitini, na kila mama alinunua kiti kimoja cha plastiki, rangi ya buluu. Mwenye matanga anachukua, mwenye arusi anachukua, kisha vinarudi kwangu.

Zamani vilikuwa havirudi sawasawa. Tulipeleka ishirini kwenye matanga fulani Mutarule, vikarudi kumi na saba, na vitatu kati ya hivyo vilikuwa vya njano. Mpaka leo hakuna aliyenieleza.

Tulinunua vingine vya buluu vikatimia tena sitini, kisha nikachukua verni nyekundu ya kucha, nikaandika chini ya kila kiti jina la mama aliyekinunua.

Sasa, Ijumaa nilivipanga mbele ya nyumba nivioshe. Camionnette ya polisi ikasimama. Commandant Frédéric, mkubwa wa kituo, hakushuka hata. Alinyoosha kidole dirishani.

"Occupation ya barabara bila autorisation!"

Eti nimeziba barabara bila kibali. Dakika kumi, viti vyote juu ya gari. Nilibaki na ndoo na sabuni.

Nilituma watu wakatafute vya kukodi. Jumamosi ya mwezi wa nane, mjini Uvira? Kila kiti kilikuwa na arusi yake.

Na kwetu mkwe hasemi akiwa amesimama. Anakaribishwa, anakaa, ndipo msemaji wao anafungua mdomo. Ukiwasimamisha umewatukana, wanapanda gari wanarudi kwao. Amandine alikuwa amelia usiku mzima.

Ndiyo sababu sikucheka.

"Nionyeshe hivyo viti," nikamwambia Sévère.

"Viko mu cachot."

"Fungua nivione."

"Hapana mama, enquête iko secret, ni siri ya uchunguzi."

Nikampita. Cachot yao, chumba cha mahabusu, ina dirisha dogo la vyuma. Nikachungulia.

Kiti hata kimoja hakikuwemo. Kulikuwa na mwanaume mmoja tu, amekaa kwenye sakafu ya saruji, magoti kifuani.

"Unatafuta viti, mama?" akauliza kwa upole. "Vilitoka."

"Vilitoka?"

"Asubuhi mapema. Usiku tulilala navyo vizuri, nilikuwa nimekalia kimoja. Kulipokucha wakavipandisha mu camionnette, vyote. Nikauliza, na minye nifuate? Wakasema dossier yangu haijaiva."

Aliitwa Basile. Dereva wa moto, pikipiki ya abiria, baba wa watoto wanne. Kosa lake: gari la commandant lilifunga njia, naye akalipigia klaksoni. Hiyo ilikuwa siku yake ya nne pale ndani.

Nikamgeukia Sévère. "Siku ine? Sheria inasema masaa arobaini na nane!"

"Mama, saa yetu ya ukutani ilikufa pile, haitembei tena."

Nikahema. "Viti vilipelekwa wapi?"

Sévère akaanza kuangalia viatu vyake. Basile ndiye aliyejibu kupitia vyuma:

"Kwa commune. Bourgmestre iko na réunion na raia."

Nikapanda moto.

Uwanja wa commune, ofisi ya utawala wa eneo letu, ulikuwa umependeza. Hema jeupe. Banderole ndefu: UONGOZI UNAOJIBU MASWALI YA RAIA. Na chini ya banderole, mistari sita ya viti vya buluu. Nilivijua kwa mgongo, kama mtu anavyojua watoto wake wakiwa wamempa kisogo.

Watu walikuwa wamejaa. Kilibaki kimoja tu, pembeni. Polisi wa mlangoni akanipangusia vumbi.

"Karibu mama, ikala."

Nikapapasa chini, nikainama nikasoma. MAMA LAURE.

Nikakaa. Kwa nini nisimame wakati kiti ni cha rafiki yangu?

Bourgmestre, mkuu wa commune, alikuwa mbele kwenye fauteuil yake kubwa yenye mito, micro mkononi, suti inang'aa. Commandant Frédéric alikuwa ubavuni kwake, juu ya kiti cha buluu, amekunja mikono kama bwana arusi.

"Polisi yetu imebadilika!" bourgmestre akasema. "Leo hii, mali ya raia iko salama mu mikono ya polisi!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na shughuli ya kuangalia saa.

"Maswali?"

Niliinua mkono kabla hajamaliza neno.

"Bwana Bourgmestre, minye ni Mama Amandine. Swali yangu iko fupi. Hivi viti vizuri vilitoka wapi?"

Akatabasamu. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa maji na barabara.

"Asante sana mama. Commandant wetu alijitahidi. Vilitoka kwa partenaire, mufadhili wetu."

"Partenaire gani?"

Bourgmestre akamwangalia commandant. Commandant akakohoa.

"Partenaire... wa kimataifa. Hapendi tumutaje."

"Basi tutamutaja sisi. Bamama na bababa, musimame kidogo, mugeuze viti. Jina yake iko chini."

Plastiki ikaanza kugongana uwanja mzima.

"Mama Keza!" mmoja akapaza sauti.

"Hapa iko Mama Irambona!"

"Mama Jolie!"

Mwalimu mmoja mzee alivaa miwani, akasoma cha kwake, akasoma cha jirani. "Huyu partenaire," akasema, "iko na majina mingi."

Uwanja mzima ulikuwa umesimama, isipokuwa bourgmestre na commandant. Commandant alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili kama mtu aliye ndani ya mtumbwi wakati wa mawimbi.

"Commandant, simama kidogo," bourgmestre akasema.

"Si lazima, Bwana Bourgmestre."

"Simama."

Bourgmestre akakigeuza mwenyewe. Akasoma. Alisahau kwamba micro bado iko mdomoni.

"MAMA GISUBIZO."

Nyuma kabisa sauti ya mtu ikauliza: "Gisubizo si mutoto wa kwanza wa commandant?"

Ni yeye. Mama Gisubizo ni mwanachama wetu wa mwaka wa tatu, na dakika ile ile alikuwa nyumbani kwangu anasimamia sufuria ya wakwe. Commandant alikuwa amekamata kiti cha mke wake, amekilaza cachot, kisha amekikalia mbele ya raia.

Vicheko vilipopungua nikamwambia: "Commandant, bibi yako ataniuliza kiti yake. Nimwambie ni ya kimataifa?"

Bourgmestre akajifuta jasho, akapandisha sauti.

"Raia, mutulie! Tutaunda commission ya enquête. Kwa sasa viti vitabaki hapa, ni ushahidi, mpaka rapport itoke."

Simu yangu ikalia. Amandine.

"Mama, wakwe wamewahi, wamepita Kiliba!"

Kutoka Kiliba mpaka kwangu si mbali. Nikainua macho. Watu karibu sitini, wote wamesimama, kila mmoja ameshika kiti mkononi. Nusu ya kazi ilikuwa imefanyika.

"Bwana Bourgmestre, commission iundwe," nikasema. "Lakini wakwe hawatakalia rapport. Wapendwa, kila mwenye kiti abebe anifuate. Nyama iko!"

Sijui kama ni haki iliyowainua au ni nyama. Walitoka. Bourgmestre alibaki na fauteuil, micro na banderole.

Tulishuka avenue kwa mstari, viti vimepinduliwa vichwani, majina ya mama sitini yanaangalia juu. Wauza ndagala waliacha mizani wakatushangilia. Na wa mwisho kabisa alikuwa Commandant Frédéric, MAMA GISUBIZO juu ya kofia yake. Hakuna aliyemwamuru. Nadhani alifikiria kurudi nyumbani jioni bila hicho kiti.

Tukafika mbele ya sous-ciat. Muda ulikuwa unanikimbia. Nikasimama hata hivyo.

Sévère akatoka, akamwona mkubwa wake amebeba kiti kichwani, akapiga saluti.

"Sévère, viti sitini vilitoka bila dossier," nikasema. "Kumebaki muntu mumoja. Fungua."

"Mama, inaomba ordre ya commandant."

Wote tukageuka.

"Fungua," ikasema sauti kutoka chini ya kiti.

Basile akatoka, amefinya macho kwa jua. Akampokea yule mwalimu mzee mzigo wake, akausoma.

"Mama Keza. Hii ndiyo nililala nayo. Ilitangulia kutoka." Akaipandisha kichwani, akaingia mstarini.

Wakwe walipofika wote walikaa, na wabebaji wakagawana viti vilivyobaki na mikeka. Basile naye alikaa. Aliyebaki wima ni commandant, kwa sababu Mama Gisubizo alikipokea kiti chake mlangoni, akakipangusa, akakikalia.

Mimi nakuambieni hivi tu. Andika jina lako chini ya kitu chako, pale ambapo anayekikalia haangalii. Na siku mkubwa akikutajia commission, tazama kwanza kama watu wameshasimama.

Wakiwa wamesimama, tembeeni.